Hii nadharia ya ukokotoaji tunaifundishaje kwa mainjinia?

Barua za toleo hili nyingi zimeangukia sehemu moja, wahadhiri na wanafunzi wa uhandisi wanaohangaika na somo la nadharia ya ukokotoaji, yaani somo la mashine gani inaweza kukokotoa nini na nini haiwezi: otomata (mashine za kufikirika zinazosoma alama moja moja), mashine za Turing (modeli ya kompyuta yenye tepe ya kuandikia) na wenzake. Nimezikusanya pamoja nizijibu kwa mkupuo.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nimekabidhiwa nadharia ya ukokotoaji kwa mwaka wa 3, darasa ni mchanganyiko wa uhandisi wa kompyuta na uhandisi wa umeme. Notsi nilizozirithi zinaanza na seti, alfabeti, lugha (yaani seti ya stringi, mifuatano ya alama), fasili yenye vitu 5 ya DFA (mashine yenye hali zenye idadi maalumu, inasoma stringi alama moja moja alafu inakubali au inakataa), alafu ni theoremu juu ya theoremu mpaka mwisho wa semista. Darasa limepooza, wale wa umeme ndo wameshakata tamaa kabisa, na kila kipindi lazima mtu anyooshe mkono aulize "hii tutaitumia wapi?" Nianzie wapi? (Mhadhiri mpya)

JIBU: Salama mwenzangu, pole na hongera kwa pamoja maana umepewa somo zuri sana. Hilo swali la tutaitumia wapi usilichukulie kama utovu wa adabu, ni swali la kiinjinia kabisa, mtu aliyezoea kujenga vitu anataka kujua hiki kitamsaidia kujenga nini au kitamwambia nini hakijengeki, na hapo kwenye kisichojengeka ndo roho ya somo zima ilipo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja na utauona unajirudia kwenye majibu mengine: usiwape theoremu kabla hawajabeba swali ambalo theoremu hiyo inalijibu. Waache kwanza wajaribu kujenga, wakwame, wabishane, ndo ulete theoremu.

Na hao wa umeme unaosema wamekata tamaa mbona ndo wenye mtaji mkubwa kuliko wote. Wameshasoma saketi zenye kumbukumbu, wameshachora vidoa vya hali na mishale ya kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine, wanajua flipflopu (kisaketi kinachoshika biti moja) 3 zinakupa hali 8. Hizo mashine walizozichora ni za George Mealy wa 1955 na Edward Moore wa 1956, na DFA ni mdogo wao wa tumbo moja, tofauti yake ni kwamba badala ya kutoa autiputi kila hatua yenyewe mwisho wa safari inasema ndiyo au hapana basi. Kwahiyo kipindi cha kwanza usifungue slaidi ya fasili. Andika ubaoni: nitawasomea namba ya bainari biti moja moja kuanzia kushoto, tengenezeni mashine itakayojua kama namba imegawanyika kwa 3, na hairuhusiwi kuihifadhi namba nzima. Waache dakika 20 wajikune vichwa. Atatokea mtu atakayegundua kwamba kinachotakiwa kukumbukwa ni salio tu, na salio liko la aina 3, 0 au 1 au 2, na kila biti mpya ikija salio la zamani unalizidisha kwa 2 unajumlisha biti, alafu unachukua salio tena kwa 3. Hali 3, mishale 6, kazi imeisha, na mashine hiyo inasoma namba ya biti milioni bila kuongeza hata hali moja. Hapo mwanafunzi ameshika jambo ambalo fasili ya vitu 5 haikumpa, kwamba hali ya mashine ni kile inachohitaji kukumbuka kuhusu yaliyopita, hakuna zaidi.

Sasa kabla hawajatoka waongezee: vizuri, nitengenezeeni nyingine inayokubali stringi zenye 0 nyingi sawasawa na 1. Wape waende nayo nyumbani. Watakuja na mashine za hali 10, hali 20, na wewe kila mara unatoa stringi ndefu kidogo inayoivunja. Siku wanayoanza kusema wenyewe "mwalimu hii haiwezekani" ndo siku ya kuuliza, una uhakika? utanithibitishiaje? Fasili rasmi ilete hapo hapo maana sasa wanaihitaji, huwezi kuthibitisha kwamba mashine fulani haipo kama hujasema mashine ni kitu gani hasa.

Na waeleze hivi vitu vilitokea wapi, isionekane kama vimeshuka tu kwenye kitabu. Warren McCulloch na Walter Pitts mwaka 1943 walikuwa wanajaribu kueleza neva za ubongo kwa mantiki, Stephen Kleene akaja kwenye miaka ya 1950 kuchunguza mitandao hiyo ya neva inaweza kutambua matukio gani, ndo tukapata lugha regula (zile ambazo DFA inaweza kuzitambua) na rejeksi (fomula fupi ya kueleza stringi za namna fulani). Mwaka 1968 Ken Thompson akaandika jinsi ya kugeuza rejeksi kuwa NFA (mashine kama DFA ila inaruhusiwa njia zaidi ya moja kwa alama ile ile) na kuitumia kutafuta maneno kwenye maandishi, na kutoka hapo rejeksi zikaingia kwenye zana za Unix na leo ziko kila mahali wanapoandika kodi.

Kama una maabara fanya na hili, linaamsha hata waliolala. Chukua Python, weka rejeksi (a+)+$, yaani makundi ya a moja au zaidi yakirudiwa mpaka mwisho wa stringi, na uipe stringi ya herufi a 20 zikifuatiwa na alama ya mshangao. Alafu 22, alafu 24, 26. Kila ukiongeza a moja muda unakaribia kuwa mara mbili, mpaka programu inaganda, kwa stringi fupi hivo! Sababu ni kwamba injini ya Python inajaribu njia moja, ikishindwa inarudi nyuma inajaribu nyingine, na njia za kuzigawa hizo a ni nyingi kupita kiasi. Njia ya Thompson inazitembelea hali zote zinazowezekana kwa pamoja, herufi moja moja, na kwa rejeksi ile ile muda wake unakua taratibu kulingana na urefu wa stringi. Hii sio hadithi ya maabara tu, tarehe 2 Julai 2019 kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi zinapitia kwake, iliweka kanuni mpya kwenye mfumo wake wa ulinzi ikiwa na rejeksi ya tabia hiyo ya kurudi nyuma, prosesa zikajaa na tovuti nyingi duniani zikapotea kwa karibu dakika 27, na wenyewe walieleza hadharani kilichotokea na kwamba wanahamia injini zisizo na tatizo hilo. Ukimaliza kusimulia hapo uliza tena nani ana swali la tutaitumia wapi.

SWALI: Mimi ni msaidizi wa ufundishaji. Pampingi lema (theoremu ya kuonyesha kwamba lugha fulani sio regula) inatumaliza. Wanafunzi wanakariri maneno ya uthibitisho wa 0ⁿ1ⁿ (0 kadhaa zikifuatiwa na 1 idadi ile ile), ukibadilisha lugha kidogo tu wanaandika vilevile hata kama haiingii. Tatizo ni nini na kuna njia nyingine? (Msaidizi aliyechoka)

JIBU: Tatizo ni vile lema yenyewe imejengwa, ina ipo, kwa kila, ipo, kwa kila, zimefuatana nne, na hakuna mtu aliyewafundisha kusoma sentensi ya namna hiyo. Kwahiyo igeuze mchezo wa watu wawili kweli kweli, sio kwa kusimulia, waite mbele wacheze. Mpinzani anadai lugha ni regula na anataja namba p. Wewe unachagua stringi iliyo ndani ya lugha, urefu wake usipungue p. Mpinzani anaikata vipande 3, x, y na z, kwa masharti kwamba x na y kwa pamoja hazizidi p na y sio tupu. Wewe unachagua y irudiwe mara ngapi, stringi ikitoka nje ya lugha umeshinda. Kosa ambalo utaliona kwenye karatasi nyingi ni mwanafunzi kuchagua mkato yeye mwenyewe, mkato unaompendeza, wakati mkato ni wa mpinzani na inabidi umshinde kwa kila mkato. Kosa la pili ni kuchagua stringi ya namba kamili kama 000111 bila kujua p ni ngapi. Wakicheza mara kadhaa mwenzao anayekata akiwa na nia ya kuwashinda kweli, makosa yote mawili yanakufa yenyewe.

Lakini nikuambie ukweli, kwa mainjinia mimi nisingeanza na lema hata kidogo. Ningeanza na hoja ya hali. Mtu anadai ana mashine ya hali 5 inayotambua 0ⁿ1ⁿ. Sawa, ilishe stringi tupu, alafu 0, 00, 000, 0000, 00000. Hizo ni stringi 6 na hali ni 5, kwahiyo lazima mbili ziangukie hali moja, tuseme 00 na 0000. Kuanzia hapo mashine haina namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyosoma. Ongeza 11. Ikikubali 0011 itakubali na 000011, ambayo haimo kwenye lugha. Ikikataa imekosea pia. Badilisha 5 kuwa namba yoyote, hoja haitikisiki. Mwanafunzi aliyetengeneza ile mashine ya salio anaipokea hii mara moja kwasababu ni kitu kile kile, mashine inakumbuka kiasi na sio zaidi.

Ukiisukuma hoja hiyo mpaka mwisho umefika kwenye theoremu ya Myhill na Nerode ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo ina faida kubwa kuliko lema kwasababu inafanya kazi pande zote mbili, inakuambia lini lugha ni regula, lini siyo, na mashine ndogo kuliko zote ina hali ngapi. Lema ni ya upande mmoja, zipo lugha zisizo regula zinazoipita bila shida, kwahiyo mwanafunzi akiandika "imepita lema basi ni regula" mkatie maksi na mweleze kwanini.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa 2 uhandisi wa kompyuta. Mashine ya Turing ina tepe isiyo na mwisho, lakini kompyuta yangu ina memori yenye mwisho, kwahiyo kiukweli kompyuta yangu ni DFA kubwa tu si ndio? Sasa kwanini tunasoma mashine ambayo haipo? Nilimuuliza mhadhiri akasema ndivyo mtaala ulivyo. (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu, swali lako ni zuri na lilistahili jibu la maana.

Uko sahihi, memori ikiwa na mwisho idadi ya hali ina mwisho. Ila hebu tuzihesabu. Chukua kifaa chenye memori ya baiti 1024 tu, hiyo ni biti 8192, hali zinazowezekana ni 2 kipeo 8192, namba ambayo ukiiandika ina tarakimu 2467. Hapo ni kifaa kidogo mno, sio laptopu yako. Kusema "ni DFA" ni kweli lakini ukweli huo haukusaidii kufikiri chochote, huwezi kuichora hiyo DFA, huwezi kuikagua hali moja moja, na ukiongeza memori baiti moja inabidi uanze na mashine mpya kabisa. Programu yako ya kupanga orodha uliiandika bila kutaja memori ni kiasi gani, uliiandika kwa orodha ya urefu wowote, na mashine ya Turing ndo modeli ya programu ya namna hiyo. Tepe isiyo na mwisho maana yake ni kwamba ukihitaji nafasi zaidi utaipata, wala haimaanishi kuna siku imejaa vitu visivyo na mwisho, kwa muda wowote uliopita imetumia sehemu yenye kipimo tu.

Alafu ujue Alan Turing alipoandika mwaka 1936 hakukuwa na kompyuta ya kuiiga. Alikuwa anajibu swali la akina David Hilbert, kama kuna utaratibu wa kimashine wa kuamua sentensi yoyote ya mantiki ni halali au siyo, akamchukua mtu anayekokotoa kwa kalamu na karatasi akapunguza kila kisicho cha lazima mpaka ikabaki tepe, alama, na orodha ya kanuni. Alonzo Church mwaka huo huo alifika kwenye jibu hilo hilo, haiwezekani, kwa njia tofauti kabisa.

SWALI: Nikifundisha tatizo la kusimama (kuamua kama programu itamaliza kazi au itazunguka milele) wanafunzi wananiambia mbona siku hizi AI inasoma kodi na kukuambia hapa kuna lupu isiyoisha, kwahiyo theoremu imepitwa na wakati. Nawajibuje bila kuonekana mzee wa zamani? (Mhadhiri)

JIBU: Waambie wako sahihi kwenye sehemu moja. Programu nyingi unaweza kuziangalia ukajua zitasimama au la, watu wanafanya hivyo, zana za kuchambua kodi zinafanya hivyo, AI nayo inafanya. Theoremu inazungumzia kitu kimoja kinachojibu kwa programu zote, kila mara, bila kukosea na bila kukaa kimya. Tofauti hiyo ndo uitumie muda mrefu kwasababu ndo wanapochanganya.

Uthibitisho wenyewe andika kama kodi, ni mistari michache. Tuseme rafiki yako ameleta fankisheni inaitwa Mpimaji, unaipa programu na inputi yake, inarudisha "itasimama" au "haitasimama", na haikosei. Mimi naandika programu inaitwa Mkaidi. Mkaidi inapokea programu yoyote P, inamuuliza Mpimaji, P nikiilisha kodi yake yenyewe itasimama? Mpimaji akisema itasimama, Mkaidi inaingia kwenye lupu milele. Akisema haitasimama, Mkaidi inasimama hapo hapo. Sasa mlishe Mkaidi kodi yake yenyewe. Mpimaji akisema itasimama, haisimami. Akisema haitasimama, inasimama. Vyovyote atakavyosema amekosea, na tulisema hakosei, kwahiyo Mpimaji hayupo. Angalia kwamba hatukuuliza Mpimaji ametengenezwaje, kama ni kanuni zilizoandikwa kwa mkono au modeli ya AI, ilimradi ni programu hoja inamkamata. Wape waiandike kwa lugha wanayoipenda, Mpimaji awe fankisheni ya kubuni tu, wamtafute mahali pa kutorokea. Wanajifunza zaidi kwa kutafuta upenyo kuliko kwa kukusikiliza.

Kuna na vitu viwili vya kuwaonjesha ugumu wenyewe. Cha kwanza ni ile lupu ya Collatz, namba ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri zidisha kwa 3 ongeza 1, simama ukifika 1. Mistari minne ya kodi. Anza na 27 inachukua hatua 111 na njiani inapanda hadi 9232. Imejaribiwa kwa namba zote mpaka zaidi ya 2 kipeo 68 na zote zimesimama, na bado hakuna aliyethibitisha kwamba itasimama kwa kila namba. Cha pili ni mchezo wa Tibor Radó wa 1962, kati ya mashine za Turing zenye hali chache na alama 2, zinazoanza na tepe tupu na hatimaye kusimama, ipi inakwenda hatua nyingi zaidi? Kwa hali 2 jibu ni 6, hali 3 ni 21, hali 4 ni 107, na kwa hali 5 ni 47,176,870, hiyo ya 5 imethibitishwa 2024 na kundi la watu wa kujitolea walioshirikiana kwa intaneti na kuukagua uthibitisho kwa kompyuta. Zaidi ya miaka 60 kwa mashine ya hali 5!

Alafu usiishie kwenye kusimama. Theoremu ya Rice ya 1953 inasema swali lolote kuhusu kile programu inachokokotoa, ilimradi jibu lake sio lile lile kwa programu zote, haliamuliki kwa ujumla. Huu ndo mkate wa injinia wa sofwea, ndo maana zana ya kutafuta bagi lazima ama itoe kengele za uongo, ama iache bagi zipite, ama wakati mwingine iseme sijui, na injinia mzuri anachagua kwa makusudi anataka ipi kati ya hizo. Na upande wa wale wa hadwea wape matumaini, mifumo yenye hali zenye mwisho inaweza kukaguliwa yote kwa mashine, Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis walipewa Tuzo ya Turing ya 2007 kwa kazi hiyo, na kiwandani inatumika kukagua chipu kabla hazijatengenezwa.

SWALI: NFA "inabahatisha" njia sahihi. Wanafunzi wanasema hiyo ni ramli. (Msaidizi wa maabara)

JIBU: Acha neno kubahatisha, waonyeshe kidole kwenye kila hali inayowezekana kwa wakati mmoja, wasogeze vidole vyote kila herufi ikisomwa. Kidole kimoja kikimalizia hali ya kukubali, stringi imekubaliwa. Kundi la vidole ndo hali moja ya DFA, na huo tayari ni uthibitisho wa Michael Rabin na Dana Scott wa 1959. Baada ya hapo wape lugha ya stringi za 0 na 1 ambazo herufi ya 10 kutoka mwisho ni 1, NFA yake ina hali 11, DFA ndogo kabisa ina hali 1024. Waulize hizo 1024 zinakumbuka nini, wale wa saketi watasema haraka, biti 10 za mwisho.

SWALI: Je naweza kuondoa uthibitisho kabisa nifundishe zana tu? Hawa ni mainjinia, sio wanahisabati. (Mkuu wa somo)

JIBU: Hapana mkuu, nakuomba usifanye hivyo. Zana atazijifunza kazini na zitabadilika, lakini kusema "hiki hakiwezekani na nitakuonyesha kwanini" ni somo hili ndo linamfundisha na katika masomo yao mengine hakuna mengi yanayogusa. Punguza idadi, hilo nakubali, uthibitisho michache waliyoielewa mpaka wanaweza kuieleza kwa mdomo inatosha. Na badili mtihani, badala ya "thibitisha kwamba" wape uthibitisho ulioandikwa tayari wenye kosa moja, watafute mstari uliokosea na waeleze unavunja nini. Kukariri hakumsaidii mtu kwenye swali la hivo, na kwa mwenye darasa la watu wengi kusahihisha kunakuwa kwepesi.

SWALI: Kwenye NP (matatizo ambayo ukipewa jibu ni rahisi kulihakiki) wanafunzi wanageuza mwelekeo wa riduksheni (kugeuza tatizo moja kuwa jingine) kila siku. Wanachukua tatizo lao wanaligeuza kuwa SAT (tatizo la kutafuta kama fomula ya mantiki inaweza kuwa kweli) alafu wanasema wamethibitisha ni gumu. (Mhadhiri)

JIBU: Hilo ni la kila darasa. Walichoonyesha ni kwamba mwenye kisuluhishi cha SAT anaweza kutatua tatizo lao, na hiyo ni habari njema, sio ushahidi wa ugumu. Hata tatizo jepesi kabisa la kujumlisha namba mbili unaweza kuligeuza kuwa SAT! Waandike sentensi moja juu ya ukurasa kabla ya kuanza: "mtu akinipa kisuluhishi cha tatizo langu, nitakitumia kutatua SAT." Ikishaandikwa mwelekeo hauwezi kugeuka, inputi inayoanza ni ya SAT, inayotoka ni ya tatizo langu, na mgeuzo lazima uwe wa haraka.

Na fundisheni pande zote mbili makusudi. Stephen Cook mwaka 1971 alionyesha kwamba SAT inabeba kila tatizo la NP, Leonid Levin akafika huko kivyake, na 1972 Richard Karp akaonyesha matatizo 21 yana ugumu huo, baadhi yakiwa ya kupanga, kupakia na kugawa, vitu ambavyo injinia anakutana navyo. Huo ni upande wa ugumu. Upande ule mwingine, wa kugeuza tatizo lako kuwa SAT, ndo kazi inayofanyika kila siku, visuluhishi vya SAT vya sasa vinamaliza matatizo ya kiwandani yenye vigezo mamilioni japo hakuna ahadi kwamba vitamaliza kila moja. Wape asaimenti moja ya kila upande, ya kwanza wathibitishe kupanga ratiba ya mitihani kwa vyumba na nafasi chache ni gumu kwa kuanza na kupaka rangi grafu (vidoa vilivyounganishwa visipate rangi moja), ya pili waichukue ratiba hiyo hiyo waigeuze kuwa SAT, waendeshe kisuluhishi na walete ratiba iliyokamilika.